Kisima Chako na Kituo cha Mafuta cha Jirani
Mazungumzo na wakazi wanaotumia maji ya visima



Tunawashukuru kwa kutuachia asubuhi ya Jumamosi, ambayo kwa wengi wenu ni siku ya kufua na ya kujaza maji ya wiki. Barua yenu iliyofika ofisini kwetu ilikuwa fupi. Ilieleza kwamba maji ya visima vitatu vilivyo nyuma ya kituo cha mafuta yamekuwa yakinuka petroli tangu mvua za vuli, na ikauliza swali moja: je, tuendelee kuyatumia? Jibu tunalitoa mwanzoni kabisa, ili anayelazimika kuondoka mapema asiondoke bila nalo. Maji ya visima hivyo vitatu msiyanywe, msiyapikie wala msiyaogee hadi vipimo vitakapokamilika. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini tunasema hivyo, na ya kazi itakayofanyika hapa kuanzia wiki ijayo, kazi ambayo mtaiona kwa macho na ambayo tungependa muielewe kiasi cha kuweza kuihoji.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika mtaa mwingine wa jiji hili ambao hatutautaja kwa sababu shauri lake halijaisha, mama mmoja alikuja ofisini kwetu na dumu la lita tano lililojaa nusu. Alisema maji ya kisima chake yana harufu asubuhi, kabla pampu haijafanya kazi kwa muda. Tulilipokea dumu lile, tukaliweka barazani hadi gari lilipopatikana mchana, kisha tukalipeleka maabara. Majibu yalirudi yakisema mafuta hayakuonekana. Tukamwandikia barua yenye mhuri kwamba, kwa upande wa mafuta, maji yake ni salama. Aliiamini barua hiyo, kama mwananchi anavyostahili kuiamini barua ya ofisi ya umma, akaendelea kuyatumia maji yale pamoja na wapangaji wake kwa miezi saba, harufu ikija na kuondoka.

Alipolalamika tena hakuja kwetu. Alikwenda kwa mjumbe wake, maana kwetu alikuwa amekwisha kujibiwa. Mjumbe ndiye aliyetushikilia hadi tukarudi, safari hii tukiwa na chupa zinazostahili, tukachota maji kama inavyotakiwa, na maabara ileile ikakuta benzeni kupita kiwango kinachokubalika. Maabara haikukosea mara ya kwanza. Sisi ndio tuliowapelekea dumu ambalo kile tulichokuwa tukikitafuta kilikuwa kimekwisha kuruka hewani. Tangu siku hiyo hatupokei maji yaliyoletwa kwenye dumu, na kila mgeni anayefika na dumu tunamweleza sababu, ingawa wengine huondoka wakidhani tunawakwepa.

Ili kuelewa kilichotokea, inabidi kwanza tushuke chini ya ardhi.

Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani wa Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga, na katikati ya mchanga huo yapo matabaka ya mfinyanzi. Mvua inaponyesha, maji hupenya mchanga hadi mahali ambapo nafasi zote kati ya chembe zimejaa maji. Hapo ndipo visima vyetu vifupi, vile vya kuchimbwa kwa mkono, vinapopata maji yake. Visima virefu hupita tabaka la mfinyanzi na kuchota maji ya chini zaidi. Mfinyanzi ule ni kinga nzuri, lakini ni kinga inayotobolewa na kila anayechimba. Kisima kirefu ambacho fundi wake hakuziba kwa saruji nafasi iliyo kati ya bomba na ardhi ni njia ya uchafu wa juu kushukia chini, na wenye nyumba wengi hawajui kama chao kilizibwa au la. Mwulizeni fundi wenu akiwa bado anapatikana kwa simu.

Sasa petroli. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo ni nyepesi kuliko maji. Inapovuja kutoka tangi au bomba lililofukiwa, hushuka katika mchanga, ikiacha sehemu yake imenasa kati ya chembe njiani, hadi inapokutana na maji. Haizami. Huelea juu ya maji hayo kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, na kutoka hapo viungo vyake vichache vinavyoweza kuyeyuka huanza kuingia majini kidogo kidogo: benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni. Dizeli na mafuta ya taa yana kiasi kidogo sana cha viungo hivi, ndiyo maana petroli hututia wasiwasi zaidi. Na katika hivyo vinne, kinachotuamsha usiku ni benzeni, kwa sababu wataalamu wa saratani duniani hawana shaka tena kwamba husababisha saratani ya damu kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 10 za benzeni katika lita moja ya maji ya kunywa. Marekani imekwenda mbali zaidi na kuweka 5.

Maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na namba ndogo namna hiyo haiingii akilini kwa urahisi. Tuifanyie hesabu. Tuseme petroli yetu ina benzeni asilimia 1 ya uzito wake. Lita moja ya petroli hiyo ina gramu 7.4 za benzeni. Benzeni yote hiyo ikiingia majini, inatosha kuyafikisha maji lita 740,000 kwenye kikomo cha maikrogramu 10, yaani simtanki 148 za lita 5,000 kila moja. Na hiyo ni lita moja.

Mtu atauliza: mwenye kituo anawezaje kupoteza mafuta anayoyanunua kwa fedha nyingi asijue? Ni swali la haki, na jibu lake si lazima liwe kwamba yeye ni mwovu. Kiungo cha bomba chini ya pampu kikidondosha tone moja kila sekunde, kwa siku moja huwa kimepoteza lita 4 na kidogo, kwa mwezi lita 130, kwa mwaka zaidi ya lita 1,500. Kituo kinachouza lita 5,000 kwa siku hakiwezi kuziona lita 4 kwa kijiti cha kupimia kina cha tangi. Kosa la milimita 3 tu katika kusoma kijiti, tangi kubwa likiwa nusu, ni lita 30 hivi. Joto nalo huleta utata wake, kwani lita 10,000 za petroli zikipata joto la nyuzi 5 zaidi hutanuka kwa lita 50 au karibu na hapo. Kwa hiyo hesabu ya siku moja haisemi kitu. Inayosema ni hesabu ya mwezi mzima, iliyoandikwa kila siku bila kuruka, ambapo makosa ya kupanda na kushuka hufutana na upungufu wa kweli hubaki umesimama peke yake. Katika mtaa ule wa yule mama, daftari lilikuwepo na upungufu ulionekana ndani yake, mwezi baada ya mwezi, na pembeni ya kila mwezi kulikuwa kumeandikwa neno moja: mvuke.

Mafuta yakishafika kwenye maji ya ardhini, swali linakuwa ni wapi yanakwenda. Maji hayo hayakai kama ya kwenye simtanki. Yanatembea, polepole, kutoka penye uso wa maji ulio juu kuelekea ulio chini, mara nyingi kuelekea mtoni, bondeni au baharini, lakini si lazima yafuate mteremko mnaouona kwa macho. Katika mchanga wa kawaida yanaweza kutembea sentimita 20 kwa siku, ambazo ni mita 73 kwa mwaka. Benzeni hubaki nyuma kidogo, kwa sababu hushikwa na udongo na pia huliwa na vijidudu vya ardhini vinapopata hewa ya kutosha. Vijidudu hivyo ni rafiki zetu wakubwa kuliko tunavyowashukuru. Uchunguzi wa vituo vingi vya mafuta vya jimbo la California, uliochapishwa mwaka 1995, ulikuta kwamba sehemu kubwa ya mikia ya benzeni haikufika mita 100 kutoka kwenye chanzo. Ndiyo maana orodha yetu ya visima vya kupimwa kwanza huanza na vilivyo ndani ya umbali huo.

Lakini umbali huo usiwape amani ya bure. Ipo dawa iitwayo MTBE, inayochanganywa na petroli katika nchi kadhaa ili iungue vizuri, nayo huyeyuka majini kwa wepesi na vijidudu huipenda kidogo sana, hivyo husafiri mbali. Jiji la Santa Monica, California, liliikuta katika visima vyake, na mwaka 1996 likalazimika kuvifunga visima vilivyokuwa vikilipatia karibu nusu ya maji yake, likaanza kununua maji kutoka mbali. Kampuni za mafuta zilikubali kugharamia usafishaji, na hata hivyo ilipita miaka ipatayo 15 kabla visima vile havijarudi kutumika. Karibu na kwetu, mwaka 2015, mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi pale Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya, yakaingia katika mto na visima vya wanakijiji waliokuwa hawana maji mengine. Lile lilikuwa bomba kubwa na si kituo cha mtaani, lakini mchanga na maji havijui tofauti hiyo.

Pampu yako nayo ina usemi katika jambo hili. Kisima kinachovutwa kwa nguvu hushusha uso wa maji kukizunguka na kuyaita maji ya jirani. Mwenye kisima kikubwa anayejaza maboza ya kuuza mchana kutwa anaweza, bila kujua, kuugeuza mkia wa mafuta uliokuwa unaelekea bondeni ukaelekea kwake, na kupitia kwa majirani njiani.

Hii ndiyo sababu hatuwezi kupima kisima kimoja chenye harufu na kuondoka. Kuanzia wiki ijayo mtaona mafundi wakichimba matundu membamba matatu: moja upande ambao tunadhani maji yanatokea, mawili upande ambao tunadhani yanaelekea. Hivi vinaitwa visima vya ufuatiliaji, na si vya kuchota maji. Kila kimoja kitawekwa bomba la plastiki lenye mikato midogo katika sehemu inayovuka uso wa maji. Sehemu hiyo tunaisisitiza: mikato ianze juu ya uso wa maji na iishie chini yake, la sivyo mafuta yanayoelea hayataingia bombani na kisima kitatudanganya kwa maisha yake yote. Kukizunguka kitajazwa mchanga safi, juu ya mchanga udongo wa bentonaiti unaovimba ukilowa, na juu kabisa saruji yenye kifuniko cha kufuli. Watoto wasivichezee, na mtu asitie kitu ndani yake. Ajali ndogo ya mafuta ya pikipiki yaliyomwagika juu ya kifuniko inaweza kutupotezea miezi mitatu.

Kwa nini vitatu? Kwa sababu mbili haziwezi kutoa mwelekeo. Tutapima kimo cha kila kifuniko kwa alama moja ya rejea, kisha kina cha maji katika kila bomba siku hiyohiyo, na kwa vimo vitatu tunaweza kuchora uso wa maji unavyolala na kujua unaelekea wapi. Mara nyingi kile tulichokidhani kabla ya kuchimba hugeuka. Ikiwa hivyo, itabidi tuchimbe cha nne, na tunawaomba mtuvumilie, kwa kuwa hilo halitakuwa dalili ya kubahatisha.

Fundi atashusha bombani utepe wenye kifaa cha mwisho kinacholia mlio mmoja kikigusa mafuta na mwingine kikigusa maji. Kikilia kwa mafuta, tutajua yapo yanayoelea, na kazi itakuwa ya kuyatoa kwanza. Unene wa mafuta ndani ya bomba kwa kawaida huwa mkubwa kuliko ule ulio mchangani, kwa hiyo mkisikia sentimita 10 msidhani ziwa limekaa chini ya nyumba zenu. Na kisipolia, nalo si hakikisho. Masika yanapopandisha maji, mafuta yaliyonasa mchangani huzamishwa na kufungiwa chini ya uso wa maji. Kiangazi maji yakishuka, yanaachiliwa na kuelea tena. Bomba lililokuwa safi Mei linaweza kuwa na mafuta Septemba. Kwa hiyo tutapima mara nne kwa mwaka, na yeyote atakayewaonyesha majibu ya msimu mmoja na kusema jambo limekwisha, mwulizeni ya misimu mingine yako wapi. Mtuulize na sisi.

Tumefika sasa kwenye chupa, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndipo tulipoanguka. Benzeni haipendi kukaa majini ikiwa ina nafasi ya kutoka. Chombo kikiwa nusu, benzeni hujaa katika ile nusu ya hewa, na kifuniko kikifunguliwa maabara, hutoka. Kikikaa juani, hutoka upesi zaidi. Maji yakimiminwa kutoka ndoo kwenda dumu, hutoka njiani. Chupa inayostahili ni ya kioo, ndogo, ya mililita 40, yenye kifuniko kisichopitisha hewa, na hujazwa polepole hadi maji yavimbe mdomoni, kisha hufungwa na kupinduliwa juu chini. Likionekana povu moja la hewa, hujazwa upya. Ndani huwa na matone ya asidi ya kuwazuia vijidudu wasile benzeni kabla hatujaipima. Jambo la ajabu kidogo, kwamba rafiki zetu wa ardhini huwa wapinzani wetu wakiingia chupani. Chupa hukaa katika sanduku la barafu, kwenye baridi ya nyuzi 4, na hufika kwenye mashine ndani ya siku 14.

Kabla ya kujaza chupa, maji yaliyolala bombani hutolewa kwanza, kwa sababu yamekwisha kuzoea hewa na hayawakilishi yaliyo mchangani. Na pamoja na chupa za visima mtaona chupa mbili za ziada. Moja ni ya maji safi iliyotoka maabara na kurudi maabara bila kufunguliwa. Ikikutwa na benzeni, tunajua sanduku letu lenyewe ni chafu, labda kwa kuwa liliwekwa karibu na dumu la petroli la gari. Ya pili ni nakala ya kisima kimoja chini ya jina jingine, ili kuona kama maabara itatoa jibu lilelile mara mbili. Mnayo haki ya kuchagua mwakilishi wa kusimama pale, kutazama kila hatua na kutia saini karatasi ya makabidhiano. Chagueni mtu asiyeogopa kuuliza.

Majibu yakija, kila namba itasomwa pembeni ya kikomo chake: benzeni 10, tolueni 700, ethilibenzeni 300, zaileni 500, zote kwa maikrogramu katika lita, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Pale ambapo maabara imeandika kwamba haikuona kitu, ulizeni mashine yake huona kuanzia ngapi. Mashine isiyoona chini ya 50 ikisema haikuona benzeni, haijasema lolote la maana.

Pua yako ni shahidi mzuri wa kuleta mashtaka, lakini si hakimu wa kuyafuta. Ikinusa petroli, acha maji hayo. Isiponusa, haijathibitisha usalama, kwa kuwa benzeni haisikiki kwa harufu katika kiwango cha maikrogramu 10. Inabidi iwe nyingi mara nyingi zaidi. Jicho nalo hukosea kwa upande mwingine. Wengi wameleta hofu ya utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji, na mara kadhaa tumekuta ni vijidudu vinavyoishi kwa chuma. Uguse utando huo kwa kijiti: wa vijidudu huvunjika vipande kama ganda jembamba na kubaki umevunjika, wa mafuta hujitenga na kurudi kuungana.

Nyumbani, kuchemsha maji kunawaua vijidudu vya kipindupindu lakini kwa petroli ni kuihamisha benzeni kutoka sufuriani hadi mapafuni mwa anayepika, tena katika jiko lenye moto. Dawa ya klorini haiigusi. Chujio la mkaa huishika kwa muda, kisha hujaa bila kukuarifu. Kuogea maji ya moto katika chumba kidogo ni kuivuta kwa pua. Msishushe taa ya moto wala kiberiti katika kisima chenye harufu, wala msimruhusu mtu ashuke kukisafisha. Mvuke wa petroli unaweza kuwaka, na unaweza kumzimisha mtu kabla hajaita. Wale mnaopata maji ya bomba, angalieni kama bomba lenu jeusi la plastiki limepita kando ya kituo, maana mafuta yaliyo udongoni yanaweza kupenya ukuta wa plastiki na kuingia katika maji yaliyotoka mtamboni yakiwa safi. Likianza kunuka maji ya asubuhi, yaliyolala bombani usiku kucha, toeni taarifa kwa mamlaka ya maji.

Kuhusu sheria tutakuwa wafupi, kwa kuwa nakala zake zipo mezani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na inaweka msingi kwamba aliyechafua ndiye alipaye. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaviweka visima chini ya bodi za mabonde. Kwa hapa ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Leseni ya kituo cha mafuta inatolewa na EWURA. Malalamiko yenu yaandikwe, yawe na tarehe mliyoanza kunusa, yapigwe mhuri wa mtaa, na mbaki na nakala.

Tunajua kinachowaumiza. Mmoja wa wenye visima hivi vitatu huishi kwa kuuza maji ndoo kwa ndoo, na tumemwambia asiuze. Mwingine ana wapangaji watakaohama. Yule mama wa mtaa ule aliletewa boza la maji na mwenye kituo kwa wiki kadhaa, kisha boza likaacha kuja, na madai yake yangali yanasikilizwa. Kiungo cha bomba kilichokuwa kikidondosha kilibadilishwa kwa siku moja. Hatuwezi kuwaahidi kwamba ninyi mtalipwa haraka kuliko yeye. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba siku mtakapofika mbele ya anayesikiliza, vipimo vyenu havitakuwa vya dumu lililojaa nusu.

Mwenye kituo amealikwa, na yupo pale nyuma. Tunamshukuru kwa kuja. Amekubali kutuonyesha daftari lake la vipimo vya tangi la miezi 12 iliyopita. Kabla hamjatawanyika, kila mwenye kisima katika mita 100 kutoka kituoni apite mezani kwa mwenzetu, aandikishe mwaka kilipochimbwa, kina chake, kina cha maji na aina ya pampu. Asiyejua kina cha kisima chake aandikishe jina la fundi. Jumatatu saa moja asubuhi mafundi watakuwa kwenye kona ya uzio wa kituo, upande wa shule.